Domeini ya biashara: ni ya anayelipia au ya aliyeandikwa?

#1 BintiLangoni

Assalaam aleikum. Swali la biashara, na naomba wenye ujuzi wajibu bila kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa.

Familia yetu ina nyumba ya wageni Lamu mjini, mtaa wa Langoni. Tovuti ilitengenezwa na kijana wa hapa hapa ambaye sasa yuko Ghuba kikazi. Kila mwaka tunamtumia pesa kwa M-Pesa, anajibu "nimelipa", na tovuti inaendelea. Mwezi huu simu yake haipatikani na WhatsApp ni tiki moja tu. Tarehe ya kulipia imekaribia. Hatuna neno la siri la kitu chochote, si la jina la tovuti (domeini), si la seva, si la barua pepe.

Jina lile liko kwenye kadi zetu, kwenye kibao cha mlangoni, na wageni wa zamani wanalijua kwa kichwa. Mjomba anasema mwenye ujumbe wa M-Pesa ndiye mwenye mali. Mimi nahisi mambo si mepesi hivyo. Sheria na desturi za kule yanakosajiliwa majina zinasema nini?

#2 Nahodha_Shela

Wa aleikum salaam. Mjomba wako yuko sawa. Anayelipa ndiye mwenyewe. Chukueni cheti cha biashara na zile jumbe za M-Pesa, mtu mmoja apande basi mpaka Nairobi, aende KeNIC arudi na jina lenu. Mambo mengine ni kuzungushana tu.

#3 Fundi_wa_Seva

Nahodha, tia nanga kwanza. KeNIC iliundwa 2002 na kazi yake ni kuendesha daftari la majina yote ya .ke. Huendi pale ukanunua kama dukani. Mauzo yanapitia wasajili, yaani kampuni zilizopewa kibali, na msajili ndiye mwenye akaunti ya mteja. Pili, dada hajasema jina linaishia na nini. Likiwa .co.ke au .ke, daftari ni la KeNIC. Likiwa .com, KeNIC hawahusiki hata kidogo, na safari ya Nairobi itakuwa ya kununua viatu.

BintiLangoni, kuna vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya. Jina lenyewe. Seva ambako tovuti inakaa. Na mafaili, yaani maneno, picha na ule mfumo. Kila kimoja kinaweza kuwa mikononi mwa mtu tofauti. Ukipoteza mafaili unaandika upya. Ukipoteza seva unahamia nyingine. Ukipoteza jina, wageni wako wanabisha hodi mlango usio wako.

Kwa hiyo tuambie: jina ni la aina gani, na barua pepe ya biashara ni ipi?

#4 BintiLangoni

Ni .com. Barua pepe ni info@ halafu jina lilelile la tovuti. Inaingia kwenye simu ya mama, aliiweka yule kijana. Neno la siri mama halijui, simu inafungua yenyewe.

#5 Mzee_Mambrui

Wanangu, sisi watu wa pwani hatukupaswa kufundishwa jambo hili. Tangu ujana wangu, Malindi na Mombasa, nimewaona watu wenye nyumba bila ardhi. Nyumba umejenga wewe, mawe yako, makuti yako, lakini kiwanja ni cha mwingine na kila mwezi unampelekea kodi. Siku akiuza kiwanja, zile risiti zako za miaka zinathibitisha kitu kimoja tu: kwamba ulikuwa mpangaji. Mjomba wako aangalie risiti zake zinathibitisha nini.

#6 Nahodha_Shela

Mzee, hapo umenipiga. Lakini mwenye kiwanja alikuwa na kiwanja chake kabla ya mimi kufika. Huyu kijana hakuwa na jina la nyumba yao. Jina amepewa na wao, akatumwa dukani kulinunua. Mtu akitumwa samaki kwa pesa zangu, samaki ni wangu.

#7 Barani_Tamu

Natengeneza tovuti hapa Malindi, kwa hiyo nitasema upande wa mafundi, maana naona kijana anaanza kuvikwa joho la wizi kabla hajasikilizwa.

Mteja anakuja. Unamwambia afungue akaunti kwa msajili. Hana kadi ya benki ya kulipia mtandaoni. Hana barua pepe, au anayo ya mtoto wa dada yake. Unamwomba nakala ya kitambulisho, anasema "aah, wewe fanya tu, mimi nataka watalii". Fundi ana akaunti moja ya jumla, humo ana majina ya wateja wake wote na anapata bei nafuu kidogo. Anaongeza jina lako humo. Fomu inajijaza maelezo yake kwa sababu ndiyo yaliyohifadhiwa. Hakuna aliyekaa usiku kupanga njama.

Na jambo la pili ambalo wenye biashara hawalisemi: wengi hawamalizi malipo. Nusu ya kwanza inatoka, tovuti ikiwaka nusu ya pili inakuwa "msimu ukianza". Jina likiwa kwa mteja, fundi amebaki na nini cha kushikilia?

#8 BintiCasuarina

Barani_Tamu, hiyo aya yako ya mwisho ndiyo tatizo lenyewe. Umesema hakuna njama, kisha ukasema jina ni kitu cha kushikilia. Chagua moja.

Nilikuwa meneja wa nyumba za likizo upande wa Casuarina. Tajiri alikuwa amelipa kila senti, mkataba upo. Tulipotaka kubadilisha fundi, yule wa kwanza akataka pesa kuliko gharama ya kutengeneza tovuti mpya, ndipo aachie jina. Ilikuwa Novemba, wageni wa Krismasi ndio wanaandika. Tajiri alilipa, angefanya nini? Hiyo si fomu iliyojijaza yenyewe.

#9 Mtangata

Wakuu, salamu kutoka Tanga. Huku hali ni hiyohiyo kwenye .co.tz. Ila mimi sioni kama ni roho mbaya wala deni. Ni kwamba jina huonekana kitu kidogo. Unalipa milioni kwa tovuti, na jina ni elfu chache kwa mwaka, kwenye invoisi linaandikwa mstari mmoja chini kabisa. Hakuna anayeuliza habari ya mstari wa chini. Mtu anayesoma hati ya ardhi mara tatu hawezi kusoma barua pepe moja ya msajili.

#10 Msafiri_Watamu

Kuna sababu nyingine hamjaitaja, na huku kwetu kwenye Waitaliano ni kubwa. Jirani yangu Watamu ana mkahawa, wateja wake wengi ni Waitaliano, akashauriwa achukue jina la .it. Sasa .it haitolewi kwa kila mtu, lazima uwe unaishi Ulaya. Kwa hiyo likaandikwa kwa jina la fundi wa Milano, kihalali kabisa, kwa sababu jirani yangu Mgiriama hakuruhusiwa kuandikwa. Miaka imepita, fundi ameacha kazi hiyo, na hakuna pa kulalamikia.

#11 Fundi_wa_Seva

Msafiri, hoja nzuri, ila nirekebishe kidogo. Masharti ya .it ni uraia AU makazi katika nchi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya, pamoja na Uswisi, Uingereza, Vatikani na San Marino. Mwitaliano anayeishi Malindi anaweza kuandikwa. Kama jirani yako ana mbia au mke wa huko, jina lingewekwa kwa huyo, ambaye angalau wanakula meza moja, si kwa fundi.

Na .eu ni vivyo hivyo, na ilishawaumiza watu. Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya, Waingereza waliokuwa na .eu walipoteza haki ya kuwa nayo. Mwanzoni mwa 2021 majina hayo yalisimamishwa, tovuti na barua pepe vikazima pamoja, ila kwa waliokuwa wamethibitisha sifa nyingine. Jina linaloshikiliwa kwa sharti la uraia, sharti likiondoka nalo linaondoka. Kwa biashara ya Lamu au Malindi, .com au .ke haina swali hilo. Tangu 2017 unaweza hata kuchukua .ke yenyewe bila ile "co" katikati.

#12 Nahodha_Shela

Mimi naona mnakwenda mbali. Kwani lazima tovuti? Biashara yangu ya kuwapeleka wageni Manda Toto na Kipungani iko Instagram na WhatsApp. Sijawahi kumlipa fundi shilingi. Jina ni langu, simu ni yangu.

#13 BintiCasuarina

Nahodha, tarehe 4 Oktoba 2021 ulikuwa wapi? Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima pamoja karibu saa sita. Kila aliyekuwa na biashara humo tu alikaa kimya jioni nzima. Na hiyo ilirudi. Akaunti ikiibwa au ikifungwa kwa makosa, unamwandikia nani? Kule huna hata mkataba wa mpangaji.

#14 Nahodha_Shela

Nilikuwa baharini, sikujua mpaka nilipotia nanga 😂 Haya, hoja imefika.

#15 WakiliMdogo

Nimesoma tangu juu. Naongeza la sheria, kwa Kenya tu.

Kuhusu mafaili na muundo wa tovuti: watu wengi wamesoma kwenye kurasa za Kimarekani kwamba hakimiliki inabaki kwa fundi mpaka asaini kuihamisha. Kwetu si hivyo. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vingine. Kwa hiyo kama hakuna mkataba unaosema kinyume, maneno na muundo uliotengenezewa familia ya BintiLangoni una msingi wa kuwa wao. Hiyo haigusi programu za jumla kama WordPress, ambayo ni huria na haiwezi kuwa ya fundi wala ya mteja.

Jina la tovuti ni jambo jingine. Si kazi ya sanaa, hakimiliki hailishiki. Kwanza linaongozwa na mkataba kati ya aliyesajiliwa na msajili. Lakini Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kifungu cha 28, inamgusa anayechukua au kutumia kwa makusudi jina la biashara au domeini ya mwingine bila idhini wala haki. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Ugomvi wa pesa na fundi, kama hauzidi shilingi milioni 1, Mahakama ya Madai Madogo ipo kwa ajili hiyo.

Hoja ya Nahodha ya samaki si ya kuchekwa. Mtu aliyetumwa kununua kitu kwa niaba yako ni wakala, na wakala hajinunulii. Shida ni kuthibitisha kwamba alitumwa.

#16 Nahodha_Shela

Asante Wakili. Someni tena #6 wote mlionicheka.

#17 Fundi_wa_Seva

Wakili, nakubali sheria, sikubali kwamba itamfaa dada kwa wakati. Msajili wa .com huenda yuko Marekani. Hukumu ya hapa haimwamrishi moja kwa moja. Kuna utaratibu wa kimataifa wa migogoro ya majina uitwao UDRP, ulioanzishwa 1999 na ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina ya tovuti duniani. Kufungua shauri WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la mali ya ubunifu, kwa jina moja mbele ya mwamuzi mmoja ni dola 1,500. Halafu unatakiwa uonyeshe una haki ya alama ya biashara, huyo mtu hana haki halali, na alisajili NA anatumia kwa nia mbaya. Fundi uliyemtuma mwenyewe atasema, "nilisajili kwa ombi lao," na hapo nia mbaya inakuwa ngumu kuionyesha. Utaratibu ule ulikusudiwa wanaovamia majina ya watu, si mafundi walioondoka na funguo.

#18 WakiliMdogo

Kweli kuhusu UDRP. Lakini msajili mwenyewe anaweza kushawishiwa kwa nyaraka bila mahakama. Cheti cha usajili wa biashara, kitambulisho cha mwenye biashara, invoisi iliyotaja jina, mazungumzo ya WhatsApp ambapo fundi anasema "nimelipia jina lenu". Hapo ule ujumbe wa M-Pesa una kazi, kama ushahidi mmoja kati ya mingi. Na kwa majina ya .ke, KeNIC ina utaratibu wake wa kusuluhisha migogoro.

#19 Mama_Mirathi

Poleni na majukumu. Nyote mnasema habari ya fundi aliyeondoka. Wa kwetu alifariki, Mungu amrehemu. Alikuwa akitunza tovuti za maduka na shule kadhaa Malindi. Mjane alibaki na kompyuta isiyofunguka, na watu wakaanza kumwendea nyumbani kabla ya arubaini, kila mmoja anataka jina lake. Mama wa watu hajui hata msajili ni nini. Ndugu wa marehemu wakasema zile akaunti ni mali, ziingie kwenye mirathi.

Shekhe wetu alisema neno nililoliona la haki: kilichokuwa cha wateja ni amana, si tarika (mali ya marehemu ya kurithiwa), na amana hurudi kwa mwenyewe kabla ya kugawa chochote. Lakini nani aifungue? Baadhi ya wenye maduka waliachia majina yakafa, wakaanza upya.

#20 Barani_Tamu

Mungu amrehemu. Nilimjua, alikuwa mwaminifu sana. Na hii inaonyesha kwamba uaminifu wa fundi peke yake hautoshi. Wateja wake hawakudhulumiwa na mtu yeyote, na bado walipoteza.

#21 Mtangata

Swali kwa Fundi. Hivi jina likipita tarehe, linapotea siku hiyohiyo? Nimesikia siku 60, wengine 75.

#22 Fundi_wa_Seva

Kwa .com haliondoki siku hiyo. Baada ya tarehe, msajili anaweza kukupa muda wa kulipa kwa bei ya kawaida, hadi siku 45. Anaweza, si lazima. Wengine wanakata baada ya wiki chache na kulipeleka jina mnadani, kwa hiyo msilale kwa kutegemea 45. Likifutwa, zinafuata siku 30 ambapo aliyesajiliwa bado anaweza kulikomboa, lakini kwa ada kubwa. Kisha siku 5 za mwisho ambazo hakuna anayeweza kuligusa, halafu linaachiwa, wa kwanza kulidaka ni lake. Majina yaliyokuwa na wageni hudakwa na programu kwa sekunde, kisha unakuta picha za kamari.

Zile siku 60 ni kitu kingine. Ni kufuli baada ya jina kusajiliwa, kuhamia kwa msajili mwingine au, mara nyingi, kubadilishwa aliyesajiliwa. Hiyo ni kanuni ya ICANN kwa .com na jamaa zake. Kwa .ke na .tz msiitumie, zina kanuni zao.

BintiLangoni, sasa hivi nenda lookup.icann.org uandike jina lenu. Tangu ile sheria ya faragha ya Ulaya ianze Mei 2018, majina ya watu mara nyingi yamefichwa, lakini jina la msajili na tarehe ya mwisho utaviona.

#23 BintiLangoni

Shukrani Fundi. Nimeangalia. Mwenye jina amefichwa kama ulivyosema. Msajili ni kampuni ya nje. Tarehe bado, lakini ni wiki chache tu, na hali imeandikwa clientTransferProhibited, ikanitisha.

Nikaenda kwa msajili nikabonyeza nimesahau neno la siri, nikaweka info@ yetu. Ikakubali! Ujumbe umeingia kwenye simu ya mama. Sijabonyeza kitu, naogopa kuharibu. Ina maana akaunti ni yetu?

#24 Fundi_wa_Seva

Hilo neno lisikutishe, ni kufuli ya kawaida ya kuzuia jina lisihamishwe kwa wizi. Ni jambo jema.

Kuhusu ujumbe: soma kwa makini. Wasajili wengi hujibu "kama akaunti ipo, tumetuma", hata kama haipo. Ila kama kiungo chenyewe kimeingia kwenye simu ya mama, akaunti ipo na imefungwa kwenye info@ yenu. Ina maana kijana aliwafungulia akaunti yenu, hakuwatia kwenye ya jumla. Mpeni heshima yake.

Lakini hapo pia kuna shimo. Barua pepe ya akaunti inategemea jina lilelile mnalotaka kulilinda. Jina likiisha muda, info@ inazima, na onyo la msajili linakwenda kwenye sanduku lililokufa. Ukiingia, jambo la kwanza ni kubadilisha barua pepe ya akaunti iwe ya nje ya jina hilo.

#25 Msafiri_Watamu

Na hiyo ya nje muwe mnaifungua. Google tangu Desemba 2023 wanafuta akaunti isiyotumika kwa miaka 2. Na laini ya simu isiyotumika muda mrefu mtandao huichukua ikauzwa kwa mtu mwingine. Mkiweka ule msimbo wa usalama uende kwenye laini ya shangazi iliyotupwa kabatini, mmejifungia nje wenyewe.

#26 BintiCasuarina

BintiLangoni, subiri kwanza. Je, una ruhusa? Biashara imeandikwa kwa jina la nani kwenye cheti? Nimeona familia zikigombana, si fundi na mteja. Mtoto anaingia, anabadilisha kila kitu kuwa kwa simu yake, kesho anaolewa Mombasa.

#27 BintiLangoni

Cheti ni cha mama. Nimekaa naye, na yeye ndiye aliyebonyeza kwa kidole chake. Tumeingia. Lakini mambo hayajaisha, afadhali niseme yote.

Dada yake yule kijana yuko Mkomani, tulimfikishia salamu, na kijana amepiga. Simu iliibiwa ndiyo maana. Anasema hana kinyongo, ila kuna salio la kazi ya picha ambalo mjomba hakulimaliza, na seva iko kwenye akaunti YAKE, na ile atashikilia mpaka alipwe. Mjomba anaapa alilipa taslimu, pale Mkunguni, mbele ya watu. Hakuna karatasi.

Kwa hiyo jina tunalo, tovuti yenyewe bado iko kwake.

#28 Barani_Tamu

Nilisema. Deni. Na angalieni, jina ambalo lingewaumiza hakulizuia. Amezuia kile ambacho kweli analipia yeye kila mwezi. Mimi simlaumu.

#29 BintiCasuarina

Mimi namlaumu. Fundi hakati umeme wa mtu kwa sababu ya deni la picha. Deni ni deni, lidaiwe mahali pake. Na ndani ya seva ile mna barua pepe za wageni, nakala za pasipoti, tarehe za safari. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamwajibisha kwanza mwenye biashara kwa data hizo, hata kama wanaobishana ni mjomba na kijana. Mgeni akilalamika, ataitwa mama.

#30 Nahodha_Shela

Kijana kama alikuwa mwizi asingefungua akaunti kwa barua pepe ya nyumba. Mjomba namfahamu kwa sifa, akisema amelipa amelipa. Inawezekana wote wawili wanasema kweli, pesa ikaenda kwa mpiga picha na si kwa kijana. Hapa Lamu hayo yametokea sana.

#31 Mzee_Mambrui

Nahodha leo umesema la maana. Waiteni mezani, kahawa na halwa, mtu wa tatu asikilize. Mahakama iwe baadaye.

#32 Fundi_wa_Seva

Wakati mzee anapika kahawa, BintiLangoni, fanyeni hivi usiku huu. Lipieni jina kwanza kutoka kwenye akaunti yenu. Kwa .com mnaweza kulipia hadi miaka 10 kwa mkupuo, lakini hata 2 inatosha kutuliza moyo. Washeni uthibitisho wa hatua mbili. Angalieni sehemu ya aliyesajiliwa imeandikwa nani. Kama ni kijana, ibadilisheni iwe mama, na jueni huenda ile kufuli ya siku 60 ikawaka. Haidhuru, hamhami popote.

Zile anwani za seva ndani ya akaunti MSIZIGUSE bado. Zinaelekeza kwenye seva yake, mkizibadilisha bila mpango tovuti inazima na info@ ya mama inazima nayo. Kwanza tafuteni seva nyingine, mhamishe barua za mama, ndipo mgeuze.

Mafaili akikataa kuwapa, ingieni Wayback Machine, hifadhi ya mtandaoni ya nakala za zamani za tovuti. Kama ilipita kwenu, maneno ya kurasa zenu na baadhi ya picha mtayapata. Haitarudisha mfumo wa kupokea wageni, lakini hamtaanza na karatasi nyeupe. Tovuti imejengwa kwa WordPress?

#33 BintiLangoni

Ndiyo WordPress. Dada yake kijana aliwahi kutaka kutuhamishia Wix, ile huduma ya kujijengea tovuti kwenye seva zao, tukakataa.

#34 Fundi_wa_Seva

Alhamdulillahi mlikataa. Ya WordPress inabebeka: ile folda ya wp-content (yenye picha na muundo) pamoja na hifadhidata (yenye maneno), umemaliza. Ya Wix haihamishiki kwenda seva nyingine, unajenga upya. Kuna wanaoridhika nayo kwa sababu hawahitaji fundi, na hilo nalo ni aina ya udhibiti, sitabishana nao.

#35 Mtangata

Mimi nabishana nao. Udhibiti gani huo wa kitu usichoweza kuondoka nacho?

#36 Msafiri_Watamu

Mkuu, jirani yangu angekuwa na Wix na jina lake mwenyewe leo angekuwa anapokea wageni. Ana fundi, ana .it, na hana kitu.

#37 BintiLangoni

Mama amelipia jina, miaka 2, na sehemu ya aliyesajiliwa ilikuwa tayari imeandikwa jina la biashara na simu ya mama ya zamani. Tumeweka mpya. Mjomba na kijana wataongea kwa simu Ijumaa baada ya swala, dada yake atakuwepo. Nawashukuru wote.

#38 Mama_Mirathi

Mungu awafanyie wepesi. Fundi, samahani nidandie: na ile ya Google ramani? Duka letu linaonekana kwenye ramani lakini marehemu ndiye aliyeliweka. Simu iliyoandikwa pale ni yake, wateja wanapiga inapokea mtu wa Kilifi.

#39 Fundi_wa_Seva

Mama, hiyo ni nyepesi kuliko jina. Fungua duka lenu kwenye ramani, tafuta palipoandikwa kudai umiliki wa biashara, uombe. Ombi linakwenda kwa aliyeisajili. Asipojibu kwa siku walizoweka, Google huwa wanakuruhusu uthibitishe mwenyewe, mara nyingi kwa video ya kibao cha duka na mlango. Tumia akaunti ya duka, si ya mtoto. Na yule mtu wa Kilifi mpigieni mwombe radhi, lazima amechoka.